Vita Vilivyotua Kamina

Babu yangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa kambi ya jeshi ya Kamina, Kongo, ile tunayoiita Baka, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wabelgiji waliijenga kwa hofu ya Ulaya. Ujerumani ilikuwa imewavamia mara mbili, 1914 na 1940, na sasa waliiogopa Urusi, wakatafuta pa kukimbilia. Wakapaona kwetu, katika nchi ya Baluba, ambako hakuna mtu aliyekuwa na ugomvi na Mrusi.

Jioni, tukimenya karanga, babu alitusimulia vita kwa ndege zilizovileta. Septemba 1961, jimbo letu la Katanga chini ya Moïse Tshombe likiwa limejitenga na Kongo, ndege yake moja ya kivita, Fouga, ilikuja kuwapiga askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Baka. Mwezi huohuo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, akienda kuonana na Tshombe wazungumze kusimamisha mapigano, akafa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji walitua kwa ndege za Wamarekani, wakaondoka kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Mei 1978 wakaja tena, safari hii wakielekea Kolwezi. Babu lilimuuma jambo moja: uwanja alioutolea jasho ulikuwa wa kila mtu isipokuwa wenye nchi.

Kisha ikafika zamu ya kizazi changu. Vita na Rwanda na waasi vilipoanza 1998, Baka ikajaa askari wa Rais Kabila na wa Zimbabwe. Ndege za mizigo zilipita usiku, bati la nyumba yetu likitetemeka, na mama akiishika taa ya mafuta isidondoke mezani. Mji wa Pweto ulipoangukia mikononi mwa Wanyarwanda na waasi Desemba 2000, watu walianza kufunga mizigo hata Kamina, ingawa hapakuwa na pa kwenda.

Wakimbizi waliokuja kwetu walitoka Malemba-Nkulu, Manono na kwingine, wengi kwa miguu. Mama mmoja tuliyempokea alikuwa ameisukuma baiskeli isiyo na mnyororo njia nzima: godoro nyuma, sufuria kwenye usukani, mtoto amefungwa kwa kitenge juu ya godoro. Hakuwa amewakimbia Wanyarwanda. Alikuwa amewakimbia Mai-Mai, vijana wa kwao waliochukua silaha kuulinda udongo wao, kisha wakawageukia majirani. Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita ulikuwa umetiwa sahihi na serikali Julai 1999, na waasi Agosti. Hao vijana hawakutia sahihi chochote.

Ndiyo maana nakipa uzito mkubwa kikao cha 2004. Askofu wa Wamethodisti, Ntambo Nkulu Ntanda, aliwaita Kamina wakubwa wa serikali, machifu, watu wa dini na Mai-Mai wenyewe. Chinja-Chinja, kiongozi wa Mai-Mai ambaye jina lake tu lilitosha kuwafanya watu wafunge milango, akaja. Uani kwetu akina mama walibishana asubuhi nzima kama ni halali kumsongea bukari, ugali wetu, mtu wa namna hiyo. Mama akasema mgeni aliyeitwa kuzungumza hawezi kuzungumza na njaa. Yule mama wa baiskeli akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kisha akauliza nani atamrudishia kaka zake wawili. Mtwangio ukasimama. Hakuna aliyemjibu, wala kikao hakikuwa na jibu la swali lile.

Vita havikuisha siku ile. Upande wa Mitwaba Gédéon Kyungu, kiongozi mwingine wa Mai-Mai, aliendelea kutesa watu hadi alipojisalimisha Mei 2006. Lakini kwa mara ya kwanza niliona wenye silaha wakiketi mbele ya watu waliowatesa, hapa hapa mjini, bila kusubiri ndege ya mtu yeyote.

Shuleni tulikariri Mkataba wa Versailles wa 1919, pamoja na majina ya waliouandika. Kikao cha Kamina sikukikuta katika daftari lolote. Nataka watoto wa Haut-Lomami, mkoa wetu, wafundishwe kikao hicho, tena pamoja na swali la yule mama, kwa maana wapo wazee wanaokikumbuka ambao bado wanaweza kuitwa darasani.