Shikome ya Babu

Kabla sijajua kusoma, maktaba yangu ilikuwa shikome. Kila jioni hapa Malampaka babu aliwasha moto wa samadi kavu katikati ya kaya, nasi wavulana tukauzunguka kusikiliza hadithi na mafumbo. Ua wa minyaa ulituzuilia upepo. Zizi lilikuwa karibu, ng'ombe wakicheua, na mlango wa kaya ulionekana vizuri kutoka pale alipokaa mzee. Mpangilio ule hakuuchora mtu kwenye karatasi, ila kila kitu kiliwekwa pale kwa sababu.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Tukahamishwa, nyumba zikapangwa kwa mistari kuelekea barabara. Minyaa ikabaki mahameni.

"Babu, leo hatuoti moto?" nilimuuliza.

"Tuote wapi, mjukuu wangu? Barabarani?"

Hakuwasha tena.

Miaka ya themanini, nikiwa kijana, nilifika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Majengo yamekaa katikati ya majabali. Moja lina umbo la kiti cha mtemi. Upo uwanja wa ngoma ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana wakati wa sikukuu ya Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma ni maua. Nilisimama mbele ya nyumba ya Kisukuma iliyojengwa pale kwa ajili ya wageni, nikafurahi, kisha nikaumia: mambo ya kwetu yalikuwa yamegeuka kuwa ya kutazamwa. Leo mji umeifuata Kisesa, mabati kila upande, lakini majabali yapo palepale na ngoma bado ina mahali pa kuchezwa.

Nilipostaafu ualimu nilijaza vitabu sebuleni. Watoto wa jirani wakaja, wakabanana chini ya bati la moto. Ndipo nikaugeukia uwanja wa nyumba yangu, ambao kwa miaka yote nilikuwa nikiufagia ukabaki mweupe. Upande wa magharibi nilipanda miarobaini miwili, izuie jua la alasiri. Udongo wetu mweusi wa mbuga hutuamisha maji masika, kwa hiyo nikachimba mfereji kwanza. Vichipukizi vya mgunga nilikuwa nikiving'oa. Safari hii niliviacha, nikikumbuka ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa, zilizofufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, ambako visiki vilivyoachwa bila kuchungiwa vilirudisha miti vyenyewe. Mwisho nikapanga mawe kwa duara.

Shikome ya babu ilikuwa ya wanaume. Jana jioni aliyeketi kwenye jiwe kubwa, kitabu mapajani, akiwasomea wenzake, alikuwa binti wa darasa la tano. Wavulana walikuwa wamemzunguka. Sikutoka nje, nilisikilizia dirishani.