Muhogo Uliopona Chini ya Amani

Barabara ya Amani huanzia kwenye machungwa. Pale Muheza tuliyapita yamepangwa mafungu kando ya njia, kisha gari likaukabili mlima, kona juu ya kona, joto la pwani likabaki nyuma. Ilikuwa safari yangu ya kwanza Usambara Mashariki. Wengi hupanda huko kutazama msitu na ndege. Mimi nilifuata habari za muhogo.

Njiani tulisimama kwenye shamba la bibi mmoja, naye akanipeleka moja kwa moja kwenye shina alilotaka nilione. Majani ya chini yalikuwa yamejikunja, yana mabaka ya njano, mengine yamepinda upande mmoja: batobato, maradhi ya kirusi kinachoenezwa na nzi weupe. Majani ya juu ya shina hilohilo yalikuwa ya kijani, hayana doa.

“Uliumwa, mwanangu, ukapona wenyewe,” alisema.

Nilichuchumaa pale kwa muda. Muhogo hauna damu ya kusafirisha askari wa mwili kama yetu. Kinga yake imo ndani ya kila seli. Kirusi cha batobato kinapozaliana hutokea nyuzi pacha za RNA, kemikali inayobeba maagizo ya kijeni, na seli huzishtukia. Protini iitwayo daisa huzikatakata vipande vifupi, vya herufi 21 hadi 24. Protini nyingine, agonauti, hukishika kipande kimoja kama polisi ashikavyo picha ya mtuhumiwa, na ujumbe wowote wa kirusi unaolingana nacho hukatwa. Vipande hivyo husafiri hadi kwenye machipukizi, ndiyo maana jani jipya laweza kutoka safi. Kirusi nacho kina protini zake za kuizima kinga hii. Virusi viwili tofauti vikiingia pamoja, mmea mara nyingi huzidiwa. Hilo liliiumiza sana Uganda miaka ya 1990.

Amani nilikuta ubaridi na miti mirefu. Batobato iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka nchi hii ambayo leo ni Tanzania. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols wakauchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara. Walichagua miche iliyostahimili kwa kuitazama tu, daisa ikiwa haijajulikana na mtu yeyote. Mbegu za chotara aliyetokana na kazi yao, 5318/34, zilifika Nigeria na kuzaa ukoo wa mihogo inayolimwa sehemu nyingi za Afrika. Kazi hiyo naiheshimu kwa moyo wote.

Lakini Storey alieleza pia, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na huo ndio unaonitia hofu zaidi. Shina huweza kupendeza msimu mzima, mkulima akachimba na kukuta mzizi umeoza ndani.