Nilisema Nyumba Imejaa



Zimebaki wiki mbili Krismasi ifike, na najua mambo yalivyo kwako. Simu inalia: dada yako anauliza kama watoto wake watakuja kwako wiki hii au ijayo. Bonasi ya majani ya Oktoba ilishaisha kitambo. Nauli itapanda, watoto wanataka nguo mpya, na Januari inakungoja na karo, viatu na vitabu. Ukiwa mama wa nyumba, tayari unahesabu unga. Ukiwa baba, tayari unakwepa swali la unga.

Leo nataka nikuambie jambo la Krismasi iliyopita nyumbani kwangu. Sijawahi kulisimulia madhabahuni. Mmoja wa wanaohusika nilimwomba ruhusa mwezi uliopita, akasema, "Waambie." Basi nakuambia.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala. Sisi ni watano: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka tisa, binti wa miaka saba, na kitinda mimba aliyekuwa na miaka miwili. Kufikia tarehe 23 Desemba tulikuwa watu 16. Mama yangu alikuwa amefika kutoka upande wa Bomet na kibuyu chake cha mursik. Dada zangu wawili walikuja na watoto wao, na wapwa watatu wa chuo wakaja na njaa ya wanafunzi. Binti yetu alipewa kazi ya kupanga nani atalala wapi. Aliandika yote katika daftari lake la hesabu, kila godoro na majina ya watu wake, na akawa mkali kama karani.

Mama watoto aliamka saa kumi alfajiri tarehe 24 kukanda unga wa chapati. Mimi niliamka na kushika simu. Kulikuwa na kesha usiku huo, ibada ya asubuhi siku ya pili, na vipaza sauti vya kanisa vilikuwa vimeharibika. Aliniomba mambo mawili tu: nijaze mtungi wa gesi, na nimchukue mtoto mdogo kwa saa moja. Nilisema, "Sawa, nakuja." Gesi niliisahau. Mtoto nilimrudisha baada ya dakika kumi kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa amepiga simu. Niliporudi jikoni nilimkuta mke wangu ameketi juu ya jerikeni, mikono imejaa unga, haongei. Niliona, nikapita. Nilijiambia niko kwa kazi ya Bwana.

Jioni mvua ilinyesha, ile mvua yetu ya Kericho isiyojua kwamba ni Desemba. Saa kumi na mbili mtu aligonga lango. Nilitoka, na binti yetu akanifuata na mwavuli.

Alikuwa kaka yangu mkubwa.

Nikueleze kidogo. Kaka yangu alifanya kazi ya kuchuma chai kwa miaka mingi na kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi huko mashambani. Mashine za kuchuma zilipokuja, kazi ikaisha, na nyumba ikaenda na kazi. Alirudi kwa mama. Mwaka huo mama alikuwa amesubiri bonasi yake anunue tanki la maji, asiendelee kupanda na kushuka mtoni kwa umri ule. Pesa zilipoingia, kaka ndiye alitumwa kuzitoa. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala ya pili. Aliporudi, alikuwa hana kitu na alikuwa ananuka pombe. Mama alilia. Mimi nilikasirika, na kwa miaka miwili sikumpigia simu. Nilikuwa nikiwaombea washirika wasamehe ndugu zao, kisha natoka kanisani na jina lake likitokea kwa simu yangu, naacha ilie mpaka inyamaze.

Sasa alikuwa amesimama langoni mwangu, amelowa, na mfuko wa nailoni mkononi.

Akasema, "Nimesikia mama yuko hapa."

Nami nikasema, "Kaka, nyumba imejaa. Hakuna hata mahali pa kulaza mtu. Kuja kesho baada ya ibada, utakula." Nikatoa shilingi 200 mfukoni, nikampa ya nauli. Mpendwa, hata nilijiona nimetenda wema.

Alizitazama zile pesa. Akasema, "Asante, Mchungaji," akageuka.

Tangu tulipokuwa wadogo tukichunga ng'ombe pamoja, kaka yangu hajawahi kuniita Mchungaji. Ananiita kwa jina la utotoni, hata mbele ya maaskofu. Usiku ule aliniita Mchungaji kwa heshima yote, na lile neno likanichoma mpaka leo.

Niliingia chumbani kumalizia ujumbe wa kesha. Niliketi kitandani katikati ya viatu vya watoto, nikafungua Luka 2. Unaijua ile sehemu: Mariamu anajifungua, anamlaza mtoto katika hori, kwa kuwa hawakupata nafasi. Kwa miaka mingi nimehubiri hapo nikimkemea mwenye hoteli mwenye roho mbaya. Labda hata wewe umeliona likiigizwa na watoto wa Sunday School, mtu anafunga mlango na kusema nendeni zenu.

Lakini pale chuo cha Biblia mwalimu wetu alituonyesha jambo ambalo nililiandika katika notisi nikalisahau. Neno la Kigiriki ambalo Luka analitumia hapo ni kataluma. Ni neno lile lile analolitumia katika Luka 22:11, Bwana anapowatuma wanafunzi waulize chumba cha kulia Pasaka. Hicho kilikuwa chumba cha wageni katika nyumba ya mtu. Luka anapotaka kusema nyumba ya kulipia, kama ile ambayo Msamaria mwema alimpeleka yule aliyejeruhiwa katika Luka 10:34, anatumia neno lingine kabisa. Ndiyo maana wasomaji wengi wa Maandiko wanaona kwamba huenda Yusufu hakufika kwenye hoteli hata kidogo. Bethlehemu ilikuwa mji wa ukoo wake, na huenda alifika kwa jamaa. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa jamaa wengine waliokuja kuandikishwa, kama vile chako kitakavyojaa wiki mbili zijazo.

Na hori? Katika nyumba nyingi za kule, wanyama waliingizwa ndani usiku, upande wa chini, karibu na familia. Hili halitushangazi sisi. Muulize nyanya yako. Wazee wetu wa Kipsigis walilala na mbuzi chini ya paa moja, kila mmoja na sehemu yake.

Kwa hiyo kama ndivyo ilivyokuwa, watu wa nyumba ile hawakumfukuza mtu. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa kweli, lakini walisogea. Walimweka mama mjamzito pale walipolala wenyewe, mtoto akalazwa mahali mbuzi hulia chakula.

Nilikuwa bado naitazama hiyo notisi wakati binti yetu aliingia na daftari lake. Hakuwa na machozi, hakuwa na hasira. Alikuwa karani aliyegundua kosa.

"Baba, umekosea hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ya kulala. Godoro la kijani liko na watu watatu. Wavulana wakilala mzungu wa nne wanaingia watano. Halafu lile lingine linabaki. Baba mkubwa anaweza kulala sebuleni na wakubwa. Nafasi iko."

Alinionyesha. Alikuwa ameshafuta majina na kuyaandika upya. Mwisho wa orodha, kwa penseli, alikuwa ameandika: Baba mkubwa.

Sikuwa na la kumjibu. Nilichukua gambuti na tochi.

Simu ya kaka haikupatikana. Nilienda mpaka steji. Matatu zilikuwa zinapita zimejaa, na vijana walikuwa wananing'inia mlangoni. Nilimpata mbele kidogo, kwenye kibanda cha kununulia majani, amekaa na mlinzi wa usiku kando ya moto mdogo. Zile shilingi 200 bado alikuwa nazo. Nauli ilikuwa imefika 350.

Nilisema, "Kaka, nilikudanganya. Nafasi iko."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza lile swali lililokuwa kati yetu miaka miwili: "Na pesa za mama? Sina za kurudisha."

Nikamwambia, "Hizo tutaongea. Lakini si usiku wa leo, na sizo zitakazoamua kama utalala kwenye mvua."

Mlinzi akamwambia, "Nenda, mzee. Baridi itakumaliza hapa." Akainuka.

Tulipofika, mama yangu alikuwa jikoni kando ya moto. Alimtazama mwanawe wa kwanza kutoka kichwani mpaka miguuni. Akamuuliza kwa lugha yetu kama amekula. Hakungoja jibu, akamimina mursik katika kikombe. Hilo tu ndilo alilosema kuhusu tanki la maji usiku huo.

Kesha lilianza bila mimi, na nilifika nimechelewa dakika 40, suruali imejaa matope. Washirika mlionisamehe mkidhani gari liliharibika, sasa mnajua.

Usiku wa manane nilimwambia mama watoto kila kitu. Nilitarajia alalamike kwa sababu ya mtu wa 17. Akasema, "Mgeni mmoja zaidi haniui. Kinachoniua ni kuosha sufuria za watu 16 huku nyinyi mmeketi sebuleni mkiongea habari za Yesu."

Mpendwa mwanamume mwenzangu, soma tena Luka 10 kuhusu Martha na Mariamu. Tumezoea kuitumia kumkemea mwanamke anayesumbuka jikoni. Lakini kama kila mtu angeketi miguuni pa Bwana siku ile, nani angeleta chakula? Bwana hakumlaumu Martha kwa kupika. Alimwonea huruma kwa kuhangaika na kufadhaika kwa mambo mengi. Na mimi ndiye nilikuwa nimemwongezea mke wangu mambo mengi, kisha nikaenda kuhubiri amani.

Asubuhi ya Krismasi, nikiwa madhabahuni, kaka yangu alisimama kwenye jiko. Miaka ile yote aliishi peke yake mashambani akijipikia, na sikujua kwamba anajua chapati kuliko sisi sote. Aliwaambia dada zangu waende ibadani na mama watoto. Nilimwona mke wangu kwenye benchi ya tatu, amevaa kitambaa kichwani, amelala usingizi wakati wa mahubiri yangu. Sikumwamsha. Ilikuwa zawadi nzuri kuliko kanga niliyomnunulia. Watoto mpaka leo wanamwita kaka yangu "baba mkubwa wa chapati".

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilipona. Kaka aliondoka tarehe 27. Pesa za mama hajazirudisha zote, ametuma kidogo kidogo mara nne. Ameanguka kwa pombe mara moja tangu hapo, akanipigia simu mwenyewe kunieleza. Lakini akipiga simu, ninapokea. Tanki tulilinunua kwa kuchanga, yeye akalibeba begani kutoka barabarani mpaka kwa mama.

Basi nakuomba mambo matatu kabla ya tarehe 25.

La kwanza: hesabu tena. Kuna jina umelifuta kwenye orodha yako ukasema nafasi hakuna. Uliza kama ni nafasi ya godoro imekosekana, au ni ya moyo. Nasema hivi kwa tahadhari. Kama mtu amewadhuru watoto wako au anatishia maisha yako, kumsamehe hakumaanishi umpe kitanda nyumbani mwako. Walinde wadogo, na uje tuongee na tuombe. Lakini wengi wetu hatukatai watu kwa hatari. Tunawakataa kwa kinyongo.

La pili: mwanamume, jaza mtungi wa gesi. Beba mtoto kwa saa nzima, si dakika kumi. Osha sufuria moja kubwa, ile iliyoshika chini. Mwache mama wa nyumba naye awe na Krismasi.

La tatu: watoto wanatusikia langoni. Huenda hawatakumbuka nguo mpya wala soda. Watakumbuka tulivyosema na mtu aliyelowa. Usikope ili kufurahisha majirani Desemba kisha Januari mtoto akae nyumbani bila karo. Wali na maharagwe vinatosha watu wakisogea.

Tuombe.

Bwana Yesu, ulilazwa katika hori kwa sababu chumba kilijaa. Samehe milango tuliyofunga kwa jina la shughuli zako. Wape nguvu akina mama walio jikoni. Walete salama walio barabarani, kutoka Nairobi, Nakuru na kila mahali. Mkumbuke ndugu yetu ambaye simu yake tunaiacha ilie. Tufundishe kusogea. Katika jina lako, Amina.

Kama kuna mtu unayepaswa kumpigia simu leo, usiniandikie mimi kwanza. Mpigie yeye, kisha urudi hapa uandike Amina.

Mbarikiwe. Tuonane kwenye kesha. Safari hii nitafika mapema, na kaka yangu amesema atakuja na karai lake.