Nililala Hemani Chini ya Kilimanjaro

Je, ndugu msomaji, mtu mwenye nyumba nzuri anaweza kulipa fedha nyingi ili alale hemani? Mimi sikuamini. Sasa naamini, kwa sababu nimekwenda nikaona kwa macho yangu.

Niliondoka Moshi mjini asubuhi kwa basi la barabara ya Arusha. Nilishuka Boma Ng'ombe. Hapo nikapanda gari jingine la kwenda Sanya Juu na Ngare Nairobi. Nyuma yangu niliacha migomba, kahawa na mifereji ya maji. Mbele nikaona mashamba makubwa ya ngano, kisha majani makavu na migunga.

Mlima ni ule ule mmoja, lakini mvua si sawa. Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi. Hupiga mlima upande wa kusini na mashariki, na huko mvua hunyesha sana. Upande wa kaskazini-magharibi hupata mvua kidogo. Huko wafugaji na wanyama wa porini huishi pamoja.

Eneo nililofika linaitwa Enduimet. Liko katika Wilaya ya Longido, karibu na mpaka wa Kenya. Ardhi ni ya vijiji. Vijiji 9, kama Sinya, Tinga Tinga na Olmolog, viliungana na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Jumuiya hiyo ilipata idhini ya serikali mwaka 2007. Tembo wa Amboseli, huko Kenya, hupita Kitenden kwenda kwenye msitu wa Kilimanjaro, kisha hurudi. Tembo hajui mpaka.

Katika ardhi hiyo kuna kambi za wageni. Nililala katika kambi moja. Hema ni la turubai nene, na limewekwa juu ya jukwaa la mbao. Ndani mna kitanda, shuka nyeupe, meza na taa. Taa huwaka kwa umeme wa jua. Kuoga ni kwa ndoo. Maji ya moto hutiwa katika ndoo iliyotundikwa nyuma ya hema. Ukifungua bomba, yanamwagika kama mvua. Ndoo moja inamtosha mtu mmoja. Maji machafu huingia katika shimo lenye mawe. Hawakati miti kwa kuni. Wanapika kwa gesi. Chupa na makopo hurudishwa mjini kwa gari.

Nilimwuliza mfanyakazi mmoja, kijana wa kijiji cha jirani, "Kwa nini hamkujenga nyumba ya saruji?"

Akajibu, "Saruji haiondoki. Hema tukiling'oa leo, mvua zikinyesha mara mbili hutajua kama watu waliishi hapa."

Usiku hutembei peke yako, maana kambi haina ua. Mlinzi alinisindikiza kwa tochi. Saa nane za usiku nikasikia matawi yanavunjika. Tembo walikuwa wakila migunga, hatua chache tu kutoka kitandani kwangu. Nilijifunika blanketi hadi kichwani!

Alfajiri mawingu yalifunguka. Kilele cha Kibo kikaonekana cheupe. Hapo nikaelewa mgeni analipia nini. Halipii turubai. Analipia nchi iliyotunzwa.

Lakini ni nani anayeitunza? Njiani nikirudi nilimkuta mama mmoja akipalilia mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala na tembo? Msimu uliopita walilala shambani mwangu. Mgeni akiona tembo hupiga picha. Mimi hupiga debe nimfukuze."

Maneno ya mama huyu ni kweli. Mgeni hulipa ada kwa kila usiku. Sehemu ya fedha huenda serikalini. Sehemu huendesha Jumuiya na kuwalipa askari wa wanyamapori. Sehemu hugawiwa vijiji, na inaweza kujenga madarasa au kuleta maji. Lakini tembo akila shamba, hasara ni ya mtu mmoja.

Kwa hiyo, wanakijiji, tukumbuke mambo haya. Kwanza, mazao yakiharibiwa, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji. Kuna kanuni za kifuta jasho. Kifuta jasho hakilingani na shamba zima, lakini ni haki yako kukiomba. Pili, mizinga ya nyuki au kamba zenye pilipili na oili chafu kuzunguka shamba husaidia kuzuia tembo. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Nenda. Uliza fedha za wageni zimeingia kiasi gani na zimefanya kazi gani.

Mkataba ni maandishi. Hesabu ni maandishi. Zamani tuliambiwa tu, tukaweka dole gumba. Sasa tunajua kusoma. Tusome kwanza, ndipo tutie sahihi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kambi ya hema hufaa kuliko nyumba ya saruji katika njia ya tembo?
2. Mama aliyepoteza mahindi asaidiwe vipi na wenzake?
3. Kijiji chako kikipata fedha za wageni, kianze na kazi gani?