Shika Kofia, Si Waya

Corolla kuukuu ya mjomba ndiyo teksi inayotulisha. Lakini hapa Malindi joto hugandisha kofia za raba kwenye plagi, na chumvi ya bahari hutia kutu chuma cha ndani. Gari likianza kumisi njia ya Mambrui, wengi hufungua boneti na kuvuta waya. Hasara hiyo! Uzi wa kaboni hukatika ndani, ganda la nje likabaki zima. Utanunua plagi mpya na gari bado linakohoa.

Mjomba huzima, husubiri injini ipoe (abiria na wanune), hushika kofia yenyewe, huizungusha huku na huku mpaka iachie, ndipo huvuta.

“Mmoja mmoja, mjomba,” huniambia. “Hii huchoma 1-3-4-2. Ukichanganya waya, leo hatuli.”