Baada ya Kula

Mutuini, kila mtu anayesimama nyuma ya kaunta ya kemisti anaitwa daktari, hata kama ameanza kazi juzi. Unaingia, unashika kiuno, unasema, "Daktari, mgongo," na hakuna maswali mengi. Anahesabu vidonge kumi, anavitia kwenye bahasha ndogo, anaandika kwa biro 1x2, halafu anakwambia maneno ambayo sote tumeyazoea: baada ya kula.

Dawa yenyewe mara nyingi ni diclofenac. Sisi tunaiita diclo, kama jina la beste. Ndugu yake ni ibuprofen, ile ambayo wazazi wetu huiita Brufen hata paketi ikiwa na jina lingine. Ni dawa nzuri, wacha niseme hivyo mapema. Stewart Adams na wenzake waligundua ibuprofen katika kampuni ya Boots kule Nottingham, ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka wa 1969 kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Waingereza hawakuweza kuinunua bila karatasi ya daktari hadi 1983. Hapa kwetu karatasi yenyewe ni ile bahasha.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku hizi naandika nikilipwa kwa neno. Mwaka jana mteja wa ng'ambo alinipa kazi ya kuandika kurasa kuhusu dawa za maumivu. Kila mwongozo niliosoma ulikuwa na ushauri uleule: meza na chakula, tumia kipimo kidogo kabisa kwa siku chache kabisa, pumzika, na maumivu yakiendelea muone daktari. Nilikuwa nikiandika hayo usiku, na saa kumi na moja asubuhi nasikia mathe akivaa gumboots, anaenda kutafuta mboga za kuuza.

Huo ushauri ni wa kweli. Ila unachukulia kwamba umekula, na kwamba unaweza kupumzika. Watu ninaowajua wanabeba nusu ya ng'ombe begani kwenye vichinjio vya Dagoretti. Wengine wanatembea hadi Karen kutafuta mjengo, au kufulia watu nguo. Hawangoji maumivu yafike. Diclo inamezwa alfajiri na kikombe cha strungi, kama vile boda anavyoweka mafuta kabla ya kutoka stage. Chakula ni saa saba, kama kazi imepatikana.

Shida inaanzia jinsi dawa inavyofanya kazi. Mwaka wa 1971, John Vane, mwanasayansi wa London, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Ukiumia goti, prostaglandini ndizo huleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Lakini hizohizo ndizo huuambia utumbo utengeneze ute wa kuukinga na asidi, na ndizo husaidia mishipa ya figo ibaki wazi damu ipite. Dawa haijui goti ni lipi na tumbo ni lipi. Inazima kote.

Ndiyo maana sindano haiokoi tumbo, ingawa nimesikia wengi wakisema, "Mimi huchomwa tu, vidonge vinaniumiza." Dawa inafika tumboni kupitia damu. Kwa sababu hiyohiyo, chakula hupunguza ule mchomo lakini hakikukingi kabisa na vidonda ukimeza kila siku, miezi na miezi.

Kuhusu figo, kuna kisa cha tumbusi. Miaka ya 1990 tumbusi walianza kufa kwa wingi India na Pakistan, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka wa 2004 watafiti wakapata jibu: walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diclofenac, na figo zao zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka wa 2006. Mwili wa binadamu huistahimili kuliko wa tumbusi. Lakini figo ni kiungo cha kuheshimu, hasa ukishinda juani bila maji, au ukiwa na presha.

Mathe ana presha. Anameza kidonge cha kuishusha chenye dawa ya kuongeza mkojo ndani yake, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiongeza diclo juu kwa ajili ya goti. Diclo inaweza kupandisha presha ambayo ile dawa nyingine inajaribu kuishusha, na zote pamoja zinabana figo. Kliniki hawakuwahi kumuuliza kuhusu goti. Kwa kemisti hawakuwahi kumuuliza kuhusu presha.

"Mathe, hizi hazipatani."

"Si daktari ndiye alinipa?"

"Daktari gani?"

"Wa kemisti." Akanyamaza kidogo. "Sasa goti nalipeleka wapi?"

Hilo ndilo swali. Huwezi kumwambia mtu aache dawa halafu umwachie maumivu. Tulienda hospitali. Alipoulizwa dawa anazotumia alitaja za presha tu, kwa sababu kwake diclo haihesabiki kama dawa. Mimi nikaweka bahasha mezani. Alipimwa figo, zikawa ziko sawa, akaambiwa aachane na diclo, atumie Panadol, ambayo haiko kwenye kundi hili, na gel ya kupaka, kwa sababu ni kidogo tu inayoingia kwenye damu.

Kama wewe bado unameza, uliza miligramu, kwa sababu kuna diclo za 50 na za 100, na kikomo cha siku ni 150. Ibuprofen ya kujinunulia isizidi 1,200 kwa siku. Usichanganye hizo mbili, na usome nyuma ya vidonge vya kichwa, vingine vina aspirini. Kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au stroke, sema kabla ya kulipa. Mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, asiguse bila daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika kitu kama unga wa kahawa, hiyo ni damu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mathe aliambiwa pia apumzike. Alicheka hadi daktari naye akacheka. Lakini tuligawana kazi: siku tatu kwa wiki mimi ndiye naamka kubeba magunia, yeye anafungua kibanda saa mbili, amekula, amekalia stuli. Siku zingine goti bado humsumbua. Analipaka gel, anaomba jirani amshikie duka, na anainyoosha miguu kwa nusu saa.