Kuchezwa na Kuchezewa

Kitenzi "cheza" ni miongoni mwa vile ambavyo mwalimu wa Kiswahili huvitumia mapema kufundishia mnyambuliko, maana hakuna mwanafunzi asiyekijua wala asiyekipenda. Cheza, chezea, chezwa, chezewa, chezesha, chezeana. Miaka yote niliyoshika chaki niliyaandika maneno hayo ubaoni, na kila mara darasa lilisitia penye neno moja: chezewa. Mchezo ukichezwa, wapo washindani na mwamuzi. Mchezo ukichezewa, yupo mtu mwingine asiyeonekana. Imeongezeka silabi moja tu, na imani yote imetoweka.

Wasomaji wapenzi, mwaka huu nimelirudia somo hili kwa sababu ya mpwa wangu. Anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na hufanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kila Jumatatu hunitumia ujumbe wa sauti kuhusu mpira wa Kimarekani, ule wa tufe lililochongoka ncha mbili, uchezwao kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Kauli yake ni moja: "Mjomba, yote yameandikwa." Anaamini kwamba wenye ligi na wenye televisheni huketi pamoja kabla ya msimu, wakaamua nani atwae ubingwa ili watazamaji waongezeke na habari ziuzike.

Neno hilo "yameandikwa" lilinishitua kabla ya tuhuma yenyewe. Kwa Wamarekani maana yake imetoka kwenye mswada wa waigizaji. Kwetu sisi imetoka mbali zaidi. Wazee wetu waliposema "imeandikwa" walikuwa wakinyamaza mbele ya majaliwa ya Muumba. Mpwa wangu akisema "yameandikwa" hanyamazi, bali anamshitaki mtu. Neno la kuridhi limegeuzwa neno la kugomba, nasi hatukuona lilipovuka mpaka.

Hata hivyo sikumpuuza, kwani ana hoja. Tarehe 12 Februari 2023, katika fainali ya Super Bowl, Kansas City Chiefs na Philadelphia Eagles walikuwa sare ya 35 kwa 35, zimesalia chini ya dakika mbili. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano: beki wa Eagles, James Bradberry, amemshika mpinzani. Chiefs wakapunguza muda, wakapiga mpira wa mwisho, wakashinda 38 kwa 35. Wengi walipiga kelele kwamba kitambaa kile kilitoka ofisini, si mfukoni mwa mwamuzi.

Nyuma zaidi, tarehe 20 Januari 2019, mjini New Orleans, beki wa Los Angeles Rams alimgonga mpokeaji wa Saints kabla mpira haujafika, mbele ya macho ya dunia, na kitambaa hakikurushwa. Rams wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, wakaingia fainali. Kisha ukaja msimu wa mwimbaji Taylor Swift na mpenzi wake, Travis Kelce wa Chiefs. Kamera zikamfuata jukwaani wiki baada ya wiki, na tarehe 11 Februari 2024 Chiefs wakatwaa ubingwa kwa 25 dhidi ya 22 za San Francisco 49ers, katika muda wa nyongeza, wakitazamwa na watu zaidi ya milioni 120 nchini Marekani. "Dalili ya mvua ni mawingu, Mjomba," akaniambia.

Nikamjibu kwamba mawingu ni dalili kweli, lakini mkulima hapandi mpaka ardhi ilowe. Bradberry mwenyewe, baada ya ile fainali ya 2023, alikiri kwamba aliivuta jezi ya mwenzake. Kuhusu New Orleans, ligi ilikubali kwamba mwamuzi alikosea, ikaruhusu makosa ya aina hiyo yaangaliwe upya kwenye video, na kanuni hiyo ikadumu msimu mmoja tu kabla ya kuachwa. Huo ni mwenendo wa watu wanaohangaika na aibu yao hadharani.

Halafu nikamwekea fainali ya tarehe 9 Februari 2025. Chiefs walikuwa wakitafuta jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulipata: kutwaa Super Bowl mara tatu mfululizo. Mwimbaji yumo uwanjani, hadithi imeiva, mtunzi yeyote wa televisheni angejua pa kuimalizia. Kufika mapumziko Eagles walikuwa wanaongoza 24 kwa sifuri, na mwisho ukawa 40 kwa 22. Watazamaji nao wakazidi wale wa mwaka uliotangulia. Mpwa wangu akacheka: "Hapo ndipo walipojifichia."

Hapo ndipo mimi nilipoona shida. Chiefs wakishinda, yameandikwa. Wakishindwa, yameandikwa ili tusijue kwamba yameandikwa. Sisi tuliolelewa kwa "kitendawili, tega" tunajua kwamba kitendawili kinachokubali kila jibu si kitendawili. Mtegaji asiyeweza kushindwa hajatega kitu.

Nadhani washairi tunaielewa asili ya shuku hii kuliko wengi. Sikio lililozoea vina hukisubiri kituo. Shujaa akishinda dakika ya mwisho, mpenzi wake akishangilia jukwaani, sikio husikia kina kimetua mahali pake, na kina kikitua vizuri tunamtafuta mtunzi. Lakini msimu mmoja wa ligi ile una mechi 272, na zile za mtoano ni 13. Katika mechi 285, chache zitapata vina zenyewe, na hizo ndizo tutakazozikumbuka. Zilizobaki ni nathari, tena nathari iliyopooza, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyeziandika.

Sisemi kwamba michezo haichezewi. Huchezewa, na tunajua namna. Mwezi Agosti 2004 mwamuzi wa Ujerumani, Robert Hoyzer, alichezesha mechi ya kombe kati ya Paderborn na Hamburg. Alitoa penalti mbili za mashaka, akamtoa mchezaji wa Hamburg kwa kadi nyekundu, na timu ndogo ikashinda 4 kwa 2. Nyuma yake walikuwapo wacheza kamari, na malipo yake yalikuwa euro 67,000 na runinga. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano. Tazameni umbo la uovu wenyewe: mtu mmoja, mechi isiyotazamwa na dunia, fedha inayohesabika, na mwenzake aliyeshindwa kunyamaza. Siri ya ubingwa mzima ingehitaji mamia ya wachezaji, makocha na waamuzi wafiche ulimi miaka nenda rudi. Na penye wengi pana mengi.

Ndiyo maana hofu yangu haiko kwa wenye televisheni. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyoyazuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo, na Ohio ikaifungulia mlango tarehe 1 Januari 2023. Leo ligi ile ile iliyokuwa ikiikimbia kamari inashirikiana na makampuni yake. Msimu wa 2022 mchezaji Calvin Ridley alifungiwa mwaka mzima kwa kubeti. Mashabiki wana sababu ya kukodoa macho, lakini wakodolee dirisha la kamari, si meza ya mtunzi wa hadithi.

Na kwenye dirisha hilo ndipo nilipomkuta mpwa wangu. Mdogo wake anasoma kidato cha tatu hapa nyumbani, na ada ya muhula hutoka kwake. Muhula uliopita haikuja. Nilipomuuliza, hakusema amepoteza. Alisema: "Mjomba, mtu hawezi kukosa mara nane mfululizo bila mkono wa mtu." Nikanyamaza kidogo, kisha nikamuuliza swali moja tu. Ikiwa anaamini kwa dhati kwamba karata zimechakachuliwa, mbona angali amekaa mezani? Hakujibu siku hiyo.

Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Zamani methali hiyo niliifundisha kama somo la adabu kwa mshindwa. Siku hizi naiona pia kama onyo kwa mtazamaji aliyetia fedha. "Yameandikwa" ni neno tamu kwa aliyepoteza, kwa kuwa linamwachia heshima yake na kumrudisha dirishani Jumapili ijayo.

Sikumkataza kubeti, ni mtu mzima. Nilimwomba kitu kimoja cha kimwalimu: anunue daftari, na kila wiki, kabla filimbi haijalia, aandike nani atashinda kwa mujibu wa hao anaodhani wameandika. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi na liandikwe kabla halijaja. Alianza Septemba. Baada ya wiki sita alinisomea: kati ya mechi 18 alizozitabiri, alipatia tisa. Sikusema neno. Akavuta pumzi akasema, "Mjomba, hata shilingi ikirushwa ingepatia hizo." Nusu ya ada imefika wiki iliyopita, na nusu ninaisubiri.

Nimalizie kwa ombi la kilugha. Kwetu bara tunasema mechi "imeuzwa", "imepangwa", na siku hizi "imechakachuliwa", neno lililovuma kwenye mafuta ya magari kabla halijahamia kwenye kura. Yote hayo yanahitaji mtenda: muuzaji, mpangaji, mchakachuaji. "Imeandikwa" pekee ndiyo inayotuwezesha kushitaki bila kumtaja mshitakiwa. Ndugu zangu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Lubumbashi, ninyi mwasemaje? Nileteeni maneno yenu, nami nitamsomea mpwa wangu Jumatatu.